Kabla Hujapiga Windows Upya: Dalili za Kompyuta ya Nyumbani na Vyanzo Vyake

Mitaani kwetu kompyuta ikisumbua, dawa inayotajwa kwanza ni moja: ipigwe Windows. Imekuwa nzito, piga Windows. Haifungui tovuti, piga Windows. Kioo cheusi, piga Windows. Pesa inatoka, mashine inarudi ikiwa kama mpya, na baada ya wiki mbili ugonjwa uko palepale. Tofauti ni kwamba picha za harusi, hesabu za duka na kazi za mwanafunzi hazipo tena, kwa sababu aliyeipiga alifuta diski nzima bila kuuliza. Hilo linaniuma, maana matatizo mengi ya nyumbani hayahusiani kabisa na Windows. Yanatokana na umeme, joto, vumbi, betri ndogo ya saa, au kidole cha mtoto.

Basi twende dalili kwa dalili. Kabla ya kugusa chochote, jiulize ilianza lini, na siku hiyo kulibadilika nini. Umeme ulikatika? Kuna flashi ngeni ilichomekwa? Meza ilihamishwa? Mtoto alikuwa anacheza gemu? Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko vifaa vingi vya fundi.

Haiwaki kabisa

Unabonyeza kitufe, hakuna taa, hakuna feni. Usianze na kompyuta, anza na ukuta. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, kompyuta yako ni nzima na shida iko kwenye soketi, kwenye ekstensheni, au umeme wa LUKU umekwisha. Mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, watu wamewahi kukaa na bisibisi mkononi wakifungua mashine kumbe nyumba nzima haina umeme.

Kama soketi iko sawa na kompyuta ni ya mezani, tazama nyuma, pale waya mnene unapoingia. Kuna swichi yenye alama za I na O. Ufagio au mguu ukiipiga ikaenda upande wa O, mashine haiwaki hata ukibonyeza kitufe cha mbele mpaka kesho.

Kwenye mashine za zamani pana swichi nyingine, nyekundu, inayosogezwa kwa bisibisi, imeandikwa 115 na 230. Hii isome kwa makini ukinunua mtumba kutoka Marekani. Umeme wa nyumbani kule ni volti 120. Tanzania ni 230 na Kenya ni 240. Mashine iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa huku hulipuka paa! mara moja, ikafuata harufu ya kuungua. Chomoa waya kwanza, sogeza mpaka isomeke 230, ndipo uchomeke. Na kama imeshalipuka, usikimbilie kuitupa. Mara nyingi kilichokufa ni pawa saplai peke yake, kile kiboksi cha chuma kinachoingiza umeme, nacho hubadilishwa bila kugusa diski wala mafaili yako.

Laptopu isiyowaka, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, ina dawa ya bure ambayo hushangaza watu kila mara. Toa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30 hivi. Rudisha chaja peke yake, kisha washa. Kuna chaji kidogo hubaki kwenye saketi na kuifanya bodi igome. Kushikilia kitufe kunaimaliza.

Dalili moja hapa haina mjadala. Ukiona pedi ya kipanya imeinuka au haibonyezeki, au laptopu inayumba ukiiweka kwenye meza iliyonyooka, betri imevimba. Zima, usichaji, usijaribu kuikandamiza irudi, usiitoboe. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Itolewe na mtu anayejua kazi hiyo, leo, si mwisho wa mwezi.

Feni inazunguka, kioo ni cheusi

Hapa mashine ina umeme lakini haioneshi kitu. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, imulike kioo kwa karibu ukiwa pembeni kidogo. Ukiona picha hafifu imejificha humo, kompyuta inafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa kioo. Njia nyingine ni kuunganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, mafaili yako yapo na unaweza kuyahamisha jioni hiyohiyo.

Kama hakuna picha popote na mashine inapiga milio mifupi inayojirudia, mshukiwa wa kwanza ni ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Idadi na urefu wa milio hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo ihesabu na uiandike. Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, hali hii ni ya kawaida sana, kwa sababu hewa yenye unyevu na chumvi hujenga utando mwembamba kwenye meno ya shaba ya kipande cha ramu. Umeme haupiti vizuri, na mashine inaamini haina ramu kabisa.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa umeme, na kwa laptopu toa betri. Shika chuma cha kasha kidogo ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kwenye kompyuta ya mezani, fungua ubavu. Ramu ni kile kipande kirefu kilichosimama wima, kimeshikwa na vibanio viwili. Sukuma vibanio kwa nje, kipande kitachomoka chenyewe. Ukikigeuza kwenye mwanga utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yaliyo mazima yanang'aa. Yenye utando yana weusi au ukungu. Chukua ufutio safi wa penseli, sugua meno hayo taratibu pande zote mbili mpaka yang'ae, futa mabaki kwa kitambaa kikavu, usiyaguse tena kwa vidole. Kirudishe, ukilinganisha lile pengo dogo la kwenye meno na kinundu cha kwenye tundu, kisha kandamiza kwa vidole gumba mpaka vibanio vifunge kwa mlio wa "ta". Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja. Mashine ikiwaka na kimoja na kugoma na kingine, umeshampata mgonjwa bila kulipa senti.

Kuna kioo cheusi cha aina nyingine, chenye maandishi meupe yanayosema hakuna kifaa cha kuwashia, "No bootable device" au maneno ya jamii hiyo. Watu hufikiri diski imekufa. Tazama kwanza kama kuna flashi imesahaulika kwenye tundu. Mashine nyingi hujaribu kuwakia kwenye flashi kabla ya diski, hazikuti Windows humo, zinalalamika. Chomoa flashi, washa upya.

Tovuti zote "si salama", na saa inasema ni mwaka uliopita

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwa kupeleka watu kupiga Windows bila sababu. Unafungua kivinjari, kila tovuti inakuonya kwamba muunganisho wako si wa faragha. Benki haifunguki, barua pepe haifunguki. Mtu anaamini amevamiwa na wadukuzi.

Tazama saa pembeni ya kioo, chini kulia. Kama mwaka si wenyewe, umeshapata jibu. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi nyuma huona vyeti vyote kuwa bado havijaanza kutumika, inavikataa. Rekebisha tarehe na saa, fungua kivinjari upya, tovuti zinafunguka.

Ila ukizima na kuchomoa waya, kesho mwaka unarudi kulekule. Sababu ni betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu, CR2032, ya volti 3, yenye upana wa milimita 20. Hiyo ndiyo hutunza saa mashine ikiwa haina umeme. Kompyuta za mtumba hukaa makontena na maghala kwa muda mrefu bila umeme, kwa hiyo nyingi hufika betri hii ikiwa hoi. Betri yenyewe inauzwa kwa mafundi saa, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo ya rimoti nyingi za gari. Kwenye kompyuta ya mezani imeshikwa na kibanio kimoja. Kisukume kando, inaruka juu. Weka mpya, upande wa kujumlisha ukiangalia juu. Kwenye laptopu nyingi imefungwa ndani ya plastiki na ina waya wake mdogo, hapo mwachie fundi, lakini mwambie ni betri ya saa unayotaka, basi.

Kama tarehe ni sahihi na saa tu ndiyo imepotoka kwa masaa kamili, si betri. Mashine bado inaishi nchi ilikotoka. Nenda kwenye mipangilio ya saa, chagua ukanda wa Nairobi, UTC+3, unaotumika Kenya, Tanzania na Uganda.

Imekuwa nzito

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo lalamiko kubwa kuliko yote na lina vyanzo vingi vilivyovaa sura moja.

Anza na jambo ambalo wengi hawaamini mpaka walione. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa "Shut down" si kuizima kikamilifu. Ili iwake haraka kesho, Windows huhifadhi kiini chake kwenye diski kama kilivyo na kukirudisha asubuhi, pamoja na uchafu wake wote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda sehemu ya "Performance", bonyeza "CPU", soma namba iliyo chini ya "Up time". Namba ya kwanza ni siku. Mtu anayeizima kompyuta yake kila usiku kwa uaminifu anaweza kukuta pameandikwa siku ishirini na kitu. Kinachoisafisha kweli ni "Restart". Kwa hiyo fundi wa kwenye simu anapokwambia "izime uiwashe", chagua "Restart", ndipo utakuwa umemtii. Uzito wa ghafla, Bluetooth iliyopotea, printa isiyoonekana, vyote hivi mara nyingi huishia hapo.

Ikiwa bado ni nzito, kaa na dirisha hilohilo. Kwenye orodha ya programu kuna safu za CPU, kumbukumbu na diski. Bonyeza kichwa cha kila safu ili mlaji mkubwa aje juu. Unatafuta safu ipi iko karibu na 100% wakati wewe hufanyi chochote.

Kumbukumbu ikiwa imejaa, hesabu vichupo ulivyofungua kwenye kivinjari. Mashine ya ramu GB 4 haiwezi kubeba vichupo thelathini, WhatsApp na Excel kwa pamoja, na hakuna Windows mpya itakayobadilisha hesabu hiyo. Kuongeza ramu ndiyo dawa. Nenda pia sehemu ya "Startup" ukazime programu zinazojiwasha bila kuombwa. Huwa ni nyingi kuliko unavyodhani.

Diski ikiwa kwenye 100% muda wote huku kumbukumbu ina nafasi, mara nyingi una diski ya zamani ya kuzunguka. Diski ya namna hiyo husoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa na afya nzuri na kusoma kwa mstari. Ikirukaruka kutafuta mafaili madogo, hushuka vibaya sana. SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ile ya kawaida ya aina ya SATA hufika MB 500, na kwenye mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi. Nasema hili kwa moyo wote: ukiwa na pesa ya kufanya jambo moja tu kwenye kompyuta ya zamani, weka SSD. Kompyuta ya miaka kumi iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka huwaka kabla hujavuta kiti. Diski ya zamani inakiliwa ilivyo kwenda kwenye mpya, pamoja na picha zako na programu zako, kwa hiyo hata hapo hulazimiki kupiga Windows.

Diski inayotoa mlio wa "tek, tek, tek" hiyo si nzito, inakufa. Acha kila kitu na unakili mafaili yako kwenda kwingine sasa hivi, ukianza na yale ambayo hayapatikani popote pengine. Usiendeshe programu za kuikarabati kwanza. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho.

Kuna pia diski iliyojaa. Sehemu ya C ikibaki na GB moja au mbili, Windows hukosa pa kupumulia. Fungua mipangilio ya "Storage" uone kilichokula nafasi. Nyumbani huwa ni folda ya "Downloads", ambamo faili moja limeshushwa mara tano kwa sababu kila likihitajika linashushwa upya, na video za vikundi vya WhatsApp.

Chanzo cha mwisho cha uzito ni joto, na hiki ndicho kinachofichika zaidi. Prosesa, ile CPU yenyewe, ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikizidi huzima mashine ghafla. Dalili yake ni kwamba asubuhi kompyuta ni nyepesi, baada ya nusu saa inakokota, na feni inalia muda wote. Laptopu inayotumiwa juu ya kitanda au juu ya mto imezibwa pua, kwa kuwa nyingi huvuta hewa kwa chini. Iweke juu ya kitu kigumu, hata trei ya chai. Kisha vumbi. Zima, chomoa, shika bawa la feni kwa kijiti lisizunguke, puliza kwa bomba la hewa au brashi laini. Feni ikiachwa izunguke kwa kasi ya upepo huo inaweza kuharibika.

Ukifungua mashine ya mezani usishangae kukuta wenyeji. Mende na sisimizi hupenda joto la pawa saplai, na mjusi huwafuata. Mwaka 1947 pale Harvard, Marekani, mashine kubwa iliyoitwa Mark II ilikwama, na waendeshaji wakakuta nondo amebanwa kwenye rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme. Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika chini yake kilichotokea. Kwetu huku mende mmoja aliyekufa kati ya nyaya mbili anatosha kuzima mashine, kwa hiyo ziba matundu ya nyuma ambayo hayana kadi, na usile karanga juu ya kibodi.

Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa. Herufi zinatoka nyingine

Andika neno "kuku" mahali unapoona unachoandika. Likitoka 2424, Num Lock imewashwa. Kwenye laptopu ndogo, upande wa kulia wa herufi hugeuka kuwa namba: J ni 1, K ni 2, L ni 3, U ni 4, I ni 5, O ni 6, M ni 0. "Maji" inakuwa 0a15. Nenosiri lako linaharibika kwa namna hiyohiyo, ila hulioni kwa sababu ya vile vidoti. Bonyeza Num Lock, au Fn pamoja nayo. Caps Lock nayo itazame, hasa kama kuna mtoto amepita.

Ukibonyeza Shift na 2 ukapata alama za kunukuu badala ya @, au kinyume chake, Windows yako imewekwa lugha ya kibodi tofauti na vitufe ulivyonavyo. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana nafasi za alama hizo mbili, na laptopu za mtumba kutoka Uingereza huletwa kwa wingi, kisha huwekewa mpangilio wa Marekani. Aliyepata ya Ujerumani atakuta Y na Z zimebadilishana, na kwa Kiswahili, lugha iliyojaa "ya" na "za", hilo ni balaa kwenye kila sentensi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanajua habari ya AZERTY, ambayo A imekaa panapokaa Q. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi ili kubadili mpangilio, kama ipo zaidi ya mmoja. Kama upo mmoja tu, uongeze unaofanana na vitufe vyako kwenye mipangilio ya lugha.

Kioo kimepinduka, sauti imepotea

Kioo kikilala ubavu au kusimama kichwa chini, mtoto amebonyeza Ctrl, Alt na mshale. Bonyeza Ctrl, Alt na mshale wa juu. Isipokubali, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye kioo kitupu, nenda mipangilio ya kioo, tafuta mwelekeo, chagua "Landscape".

Sauti isiposikika, bonyeza alama ya spika na uone inapelekwa wapi. Mara nyingi iko nzima na inaimba kwenye televisheni uliyoiunganisha jana, au kwenye spika ya Bluetooth iliyo chumba cha pili, ambako watu wanajiuliza kwaya hiyo imetoka wapi.

Bando linaisha na sijafanya kitu

Umenunua GB 5 asubuhi, saa sita mchana hakuna kitu. Simu ikiwa ndiyo inayoipa kompyuta mtandao, kompyuta haijui kwamba unalipia kila MB. Inaona waifai, inadhani ni mtandao wa ofisi, inashusha apdeti za Windows, inapakia picha zako OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na inaweza hata kuwagawia kompyuta nyingine vipande vya apdeti ilizoshusha.

Fungua mipangilio ya mtandao, chagua jina la waifai uliyounganishwa, washa "Metered connection". Hapo Windows inaahirisha apdeti nyingi na OneDrive inasimama. Kisha kwenye Windows Update, ndani ya "Advanced options", tafuta "Delivery Optimization", uzime ruhusa ya kushirikiana na kompyuta nyingine. Ukitaka kujua nani alikula, sehemu ya "Data usage" inataja kila programu na kiasi chake. Apdeti za usalama zenyewe usizikatae moja kwa moja. Tafuta siku moja kwa mwezi, mahali penye mtandao usiopimwa, uziache zishuke zote.

Kama bando lipo na mtandao ni dhaifu, fikiria ukuta. Nyumba za mawe za Unguja Mjini na Mji wa Kale wa Mombasa zina kuta nene za mawe ya matumbawe, nazo huzuia waifai vibaya sana. Ruta nyingi hutoa masafa mawili: ya 5 GHz yana kasi lakini hushindwa na kuta, ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi. Chumba cha mbali kiunganishe na ya 2.4. Ikikatika kila chakula kinapopashwa moto, ni maikrowevu, inayofanya kazi kwenye masafa hayohayo.

Flashi imejaa shortcut, mafaili hayaonekani

Umetoka kuprinti steshenari, unafungua flashi unakuta njia za mkato zenye majina ya folda zako. Usibofye hata moja. Mafaili yako hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha na kuweka vivuli vyake, ili wewe mwenyewe ukibofya kivuli umfungulie mlango. Zamani flashi ilijifungua yenyewe ikichomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilifunga njia hiyo hata kwenye Windows XP na Vista, ndiyo maana sasa kirusi kinahitaji kidole chako.

Na hapa ndipo watu hufomati flashi huku wakilia. Usifomati. Angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zako zitajitokeza, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili mahali salama, futa zile njia za mkato na faili lolote usilolijua, kisha ichunguze flashi kwa Windows Security, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Kompyuta yenyewe ichunguze kwa "Microsoft Defender Offline scan", inayofanya kazi kabla Windows haijaamka, kwa robo saa hivi.

Flashi inayokataa filamu moja kubwa ilhali ina nafasi tele si mbovu. Imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili la GB 4 au zaidi. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, nakili tena.

King'ora na namba ya simu

Kioo kizima kimejaa maonyo mekundu, sauti inapiga kelele kwamba kompyuta imefungwa, na kuna namba ya kupiga. Huo ni ukurasa wa tovuti tu. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye maonyo yake. Bonyeza Alt na F4. Ukigoma, fungua Task Manager ufunge kivinjari, na ukikifungua tena usikubali kurudisha kurasa za mwanzo. Waambie hasa wazazi nyumbani, maana ndio wanaotishika na kupiga, na anayepokea huomba aingie kwenye kompyuta, kisha kwenye pesa.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Yapo yasiyowezekana nyumbani, na mafundi wazuri wapo. Nenda na maelezo ya dalili: ilianza lini, inapiga milio mingapi, imeandika nini kwenye kioo. Kikitokea kile kioo cha bluu cha hitilafu, ambacho kwenye Windows 11 mpya ni cheusi, kipige picha kwa simu. Lile neno refu la herufi kubwa lililo chini humwambia fundi pa kuanzia.

Nakili mafaili yako kwanza kama mashine bado inawaka. Laptopu nyingi za sasa diski zake zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, na fundi akibadilisha bodi au mipangilio ya ndani, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uingie uuandike kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu bila huo hata fundi bingwa hafungui.

Akisema Windows yako imepitwa na wakati, sikiliza, kuna ukweli humo: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache. Muulize mashine yako ina kizazi gani kabla hajaanza kuilazimisha.

Na akikwambia inabidi apige Windows, muulize anaitibu dalili ipi. Akikujibu vizuri, mwache afanye, mkiwa mmeshakubaliana mafaili yatahifadhiwa wapi wakati huo. Akibadilisha diski, ile ya zamani idai, uondoke nayo mkononi hata kama imekufa, kwa sababu picha na nyaraka zako bado zimo.